UZI: Kuzunguka Mlima Kailash na Ziwa Manasarovar (Tibet) – vibali, ratiba, mwinuko na yanayowaangusha watu

#1 Nyayo_za_Mbali

Wakuu, salaam. Mwaka 2026 ni Mwaka wa Farasi kwa kalenda ya Kitibeti, kama ilivyokuwa 2014 na 2002. Kwa mila za kule, mzunguko mmoja wa Kailash ndani ya mwaka huo huhesabiwa kama 13. Ndiyo maana maswali yamekuwa mengi, mengine yamezama kwenye nyuzi za Kilimanjaro, mengine kwenye zile za viza ya China. Tuyaweke hapa. Naomba tujikite kwenye mambo ya vitendo, simulizi za safari zina jukwaa lake.

Kwanza picha ya jumla. Kailash uko Ngari, magharibi kabisa mwa Tibet, urefu wake mita 6,638. Hakuna anayepanda kileleni; mahujaji wanauzunguka. Kwa Wahindu ni makao ya Shiva. Wajaini wanaamini Rishabhanatha, tirthankara (mwalimu mkuu wa dini) wao wa kwanza, alipata ukombozi pale. Wabuddha wa Tibet na wafuasi wa dini ya kale ya Bon nao wana yao. Mzunguko Watibeti wanauita kora, Wahindu wanauita parikrama. Wahindu, Wabuddha na Wajaini huzunguka kwa mwelekeo wa saa, yaani mlima unakuwa kuliani kwako. Aliyezoea kutufu Makka ajue hapa ni kinyume. Ukikutana na mtu anayekuja uso kwa uso nawe, hajapotea, huyo ni wa Bon.

Mzunguko ni kilomita 52, wageni hutumia siku tatu:

Siku ya 1: Darchen, kijiji cha kuanzia (takriban mita 4,670) hadi Dirapuk (karibu mita 4,900–5,000). Kama kilomita 18, bonde pana, mpando mdogo.
Siku ya 2: Dirapuk, kipito cha Drolma La (mita 5,630), kisha kuteremka hadi Zutulphuk (karibu mita 4,800). Kama kilomita 22. Hii ndiyo siku yenyewe.
Siku ya 3: Zutulphuk hadi Darchen, kilomita 12 hivi, tambarare na mteremko mwepesi.

Watibeti wengi huimaliza kwa siku moja, wakiondoka usiku wa manane. Usiwaige, wao wamezaliwa huko.

Manasarovar iko kusini mwa mlima, mita 4,590, ukubwa wake zaidi kidogo ya kilomita za mraba 400. Kikawaida kundi hulala ziwani usiku mmoja au miwili kabla ya kwenda Darchen.

#2 Kijana_wa_Ngarenaro

Mkuu Nyayo, uzi mzuri. Swali la haraka: mtu aliyefika Uhuru Peak bila shida, mita 5,895, hii ya 5,630 si ni matembezi tu?

#3 Mgumu_wa_Machame

Kijana, hapo ndipo wengi wanapoumia. Usilinganishe vilele, linganisha vitanda.

Kilimanjaro unalala Barafu (4,673) au Kibo Hut (4,720) nusu usiku, unapanda kileleni, na siku hiyohiyo unateremka hadi Mweka kwenye 3,100 au Horombo kwenye 3,700. Mwili unapigwa mara moja, unaachiwa. Kailash unalala ziwani 4,590, Darchen 4,670, Dirapuk karibu 5,000, unavuka 5,630, halafu unalala tena karibu 4,800. Hakuna pa kuteremkia. Tibet ni meza: hakuna mahali pa karibu palipo chini kwa mita elfu mbili.

Jambo la pili ni jinsi unavyofika. Mlimani kwetu unapanda kwa miguu, mwili unazoea njiani. Kule unapandishwa na helikopta au gari, ukifika umelala kwenye kiti. Mapafu hayajui kwamba gari limepanda.

Kanuni inayotumika milimani kote: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike usiku wa ziada palepale. Chukua ratiba ya wakala, futa majina yote, andika mwinuko wa kila kitanda pembeni. Ratiba mbaya itajitaja yenyewe.

#4 Nyayo_za_Mbali

Nakazia hoja ya Mgumu kwa kuziweka njia tatu kwa mtindo huo, maana mawakala huuza njia kwa idadi ya siku tu.

Njia ya helikopta (Simikot–Hilsa): Unaanzia Nepalgunj, mji wa Nepal, kama mita 150 tu na joto kama la Tanga. Unaruka kwa ndege ndogo hadi Simikot (karibu 2,950), helikopta hadi Hilsa mpakani, unavuka daraja kwa miguu kuingia Tibet, halafu gari hadi Purang, ambayo Wahindi huiita Taklakot (karibu 3,900). Kutoka hapo ziwani 4,590. Ratiba fupi zinakutoa 150 hadi 4,590 kwa usiku tatu. Dai usiku mmoja zaidi Simikot na usiku mbili Purang. Ubaya mwingine ni hali ya hewa: ndege zote ni za kuona kwa macho, mawingu yakifunga hakuna kinachoruka. Julai 2018 mahujaji zaidi ya elfu moja walikwama Simikot na Hilsa siku kadhaa. Acha angalau siku mbili tupu kabla ya ndege yako ya kurudi Nairobi au Dar.

Njia ya barabara (Rasuwagadhi–Kerung): Kathmandu 1,400, Kerung karibu 2,800, Saga karibu 4,500. Angalia hiyo hatua ya mwisho: mita 1,700 kwa siku moja ya gari, na katikati kuna kipito cha zaidi ya 5,000. Maumivu ya kichwa mengi huanzia Saga. Usiku mbili Kerung ni lazima, tatu ni bora. Pia daraja la mpakani lilisombwa na mafuriko tarehe 8 Julai 2025, kwa hiyo kabla ya kulipa amana mtake wakala akueleze kwa maandishi hali ya mpaka na njia mbadala.

Njia ya Lhasa: unalala Lhasa (3,650) usiku tatu, Shigatse (3,840), Saga, kisha Darchen. Kilomita zaidi ya 1,200 za gari, siku nyingi, pesa nyingi. Kwa mwili ndiyo njia ya huruma kuliko zote. Mwenye umri mkubwa au presha aanzie hapa kama mfuko unaruhusu.

#5 Dada_wa_Parklands

Asante sana. Kuna jamaa hapa Nairobi wanataka kujiunga na yatra (hija) ile ya serikali ya India kupitia kipito cha mpakani cha Lipulekh. Je, mwenye pasipoti ya Kenya na kadi ya OCI (ile India huwapa raia wa nje wenye asili ya India) anakubaliwa?

#6 Karani_wa_Vibali

Hapana dada. Yatra ya serikali ya India ni ya raia wenye pasipoti ya India tu, OCI haihesabiki. Ilisimama mwaka 2020 ikarejea 2025, makundi 15 ya watu 50: matano kupitia Lipulekh na kumi kupitia kipito kingine cha mpakani, Nathu La. Umri ni miaka 18 hadi 70, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) isizidi 25, na madaktari huwapima njiani na kuwarudisha wasiofaa. Hicho kipimo cha daktari ndicho ambacho makundi ya binafsi hayana, kwa hiyo jipimie mwenyewe nyumbani.

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko huenda kwa wakala binafsi. Tibet haiendeki peke yako: lazima wakala aliyesajiliwa, mwongozaji na gari. Makaratasi ni haya:

Kibali cha Tibet, kinachoombwa na wakala. Kwa ndege kwenda Lhasa unatakiwa kuwa na karatasi halisi mkononi, kwa treni nakala inatosha.
Kibali cha polisi cha maeneo yaliyofungwa, pamoja na kile cha jeshi na cha ofisi ya mambo ya nje, kwa sababu Ngari iko mpakani. Wakala hushughulikia.
Viza. Ukipitia China Bara unatumia viza ya kawaida ndani ya pasipoti. Ukipitia Nepal unatumia viza ya kundi inayotolewa Kathmandu, na ile ya pasipoti kama unayo huweza kufutwa. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou kwa viza ya mara nyingi waliangalie hili sana.

Viza ya kundi ni karatasi moja yenye majina yote. Mnaingia pamoja, mnatoka pamoja. Mmoja akiugua akataka kurudi mapema, karatasi inabidi igawanywe, na hiyo ni kazi ya ofisi. Muulize wakala kabla: nani anarudi na mgonjwa, kwa gari gani, kwa karatasi gani, na nani analipa? Akijibu "haijawahi kutokea", tafuta mwingine.

Pasipoti uliyoombea kibali ndiyo utakayosafiria, ukibadilisha katikati kibali kimekufa. Peleka nakala mwezi mmoja kabla. Wageni hawaingii Tibet mwishoni mwa Februari na Machi, na msimu wa Kailash ni Mei hadi katikati ya Oktoba. Sikukuu ya Saga Dawa, mwezi kamili wa mwezi wa nne wa Kitibeti, huwa inavutia watu wengi pale kwenye mlingoti wa Tarboche, lakini mara nyingine eneo hufungwa kwa wageni siku hizo hizo. Usijenge safari nzima juu yake.

Na kadi ya manjano! Wanaotoka Kenya au Uganda wakipitia India bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, au chanjo ikiwa chini ya siku kumi, huwekwa karantini. Safari imeishia Delhi.

#7 Kijana_wa_Ngarenaro

Mgumu, nimekuelewa kuhusu vitanda. Sasa hizo chupa za oksijeni wanazouza kule, si unabeba tano tu unamaliza kazi?

#8 Tabibu_Mstaafu

Kijana, kikopo kidogo cha oksijeni ni dakika chache za pumzi. Kinatuliza, hakitibu, na hatari yake ni kwamba kinamfanya mtu aendelee kupanda badala ya kuteremka.

Dawa ya kuzuia ni acetazolamide, wengi wanaijua kwa jina la Diamox: miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama vinachomwa sindano na utakojoa sana, hayo ni ya kawaida. Iko jamii ya salfa. Aliyewahi kubabuka kwa Septrin au Fansidar amwambie daktari kwanza. Anayetumia vidonge vya presha vya kukojosha naye pia, maana maji na chumvi vitapotea kwa njia mbili. Ijaribuni nyumbani siku mbili kabla ya safari.

Dalili za kawaida ni kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula. Hapo unabaki ulipo, hupandi. Mambo mawili hayasubiri asubuhi:

Mtu anayumba. Mwambie atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, au akianza kujibu mambo yasiyoeleweka, ubongo unavimba.
Mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, midomo imegeuka rangi. Maji yameingia kwenye mapafu.

Wote hao wanateremshwa usiku huohuo. Sasa, wapi? Watu husema "hospitali ya Ali". Mji wa Ali uko kwenye 4,300, mwinuko hautakusaidia kitu. Purang kwenye 3,900 iko karibu zaidi na iko chini zaidi. Upande wa Tibet usitegemee helikopta kukufuata, hata bima yako iwe imeandikwa nini. Uokoaji ni farasi au machela hadi barabarani, kisha gari. Siku ya kwanza kurudi Darchen ni rahisi. Ukishavuka Drolma La kurudi nyuma ni upuuzi, unamalizia mbele.

Kwa wenye kisukari: insulini ikiganda imeharibika, ilale nawe ndani ya nguo. Mashine ya kupima sukari hudanganya kwenye baridi, ipashe kwapani kwanza. Na kwa Wahindu wanaofunga siku ya Ekadashi au mwezi kamili: siku ya Drolma La si siku ya kufunga. Wazee wa dini wengi huruhusu mgonjwa na msafiri, muulizeni pandit wenu kabla ya kuondoka, si pale juu.

#9 Binti_Kilindini

Nahitaji ufafanuzi wa ile siku ya pili, saa kwa saa. Na farasi ni wa kukodi pale pale?

#10 Mgumu_wa_Machame

Binti, kwanza tuelewane kuhusu saa, maana hapa Waswahili tunachanganyikiwa mara mbili. China nzima inatumia saa ya Beijing, masaa matano mbele yetu, na Ngari iko mbali sana magharibi. Jua la Juni linachomoza kama saa 1 na nusu asubuhi, Septemba inakaribia saa 2 na nusu. Mwongozaji akikwambia "saa sita" anamaanisha sita ya kizungu, yaani saa 12 yetu, na nje bado ni giza totoro. Weka simu kwa saa ya Beijing uache kupiga hesabu.

Sasa siku yenyewe. Ondokeni saa 12 asubuhi mkiwa na tochi za kichwani. Mnavuka kijito, mpando unaanza papo hapo. Kama saa mbili hadi tatu za kupanda mnafika Shiva Tsal, karibu mita 5,330, ambako mahujaji huacha nguo au unywele kama ishara ya kufa na kuzaliwa upya. Usikae, baridi ni kali. Kutoka hapo njia inalegea kidogo, kisha mkwaruzo wa mwisho wa kama mita 200 hadi kwenye jiwe la Drolma lililofunikwa na vibendera vya dua. Lengo ni kuwa kipitoni kabla ya saa 5 asubuhi, sababu upepo na theluji ya ghafla hupenda mchana.

Kipitoni kaa robo saa. Watu hutaka kufanya puja (ibada ya Kihindu) ndefu pale, wavue glavu, wakae chini. Hapo ndipo wanapoganda na kuanza kuumwa. Puja ndefu ifanyeni ziwani.

Chini kidogo, kulia, utaona ziwa dogo la Gauri Kund. Litazameni kutoka njiani. Kuteremka hadi majini ni mawe yaliyolegea na barafu, na kila mita unayoshuka pale unaipanda tena kwenye mwinuko wa 5,600.

Mteremko ni kama mita 400 za mawe makubwa, magoti yanalia. Farasi hawabebi mtu hapo: aliyepanda farasi lazima ashuke na atembee, na hilo halijadiliwi. Kwa hiyo mzee asiyeweza kushuka mawe kwa miguu asidhani farasi amemaliza tatizo lake. Chini kuna hema za chai. Halafu kinafuata kile ambacho hakuna anayekitaja: zaidi ya kilomita kumi za bonde tambarare hadi Zutulphuk, watu wameshachoka na maji yameisha. Bakisheni lita moja na chakula cha kutafuna kwa kipande hicho. Jumla ni saa 9 hadi 12.

Farasi na wapagazi hukodiwa Darchen kwa utaratibu wa wenyeji, na hupangiwa, huchagui. Unakodi kwa siku zote tatu hata kama unamhitaji ya pili tu. Anayeongoza farasi habebi begi lako. Mpagazi ni malipo mengine. Sogeeni pembeni farasi wakipita, na mkae upande wa mlima, si wa korongo.

#11 Nyayo_za_Mbali

Niongezee mzigo. Begi kubwa linabaki Darchen au kwenye gari. Begi la kora lisizidi kilo saba: koti la manyoya, koti la mvua, suruali ya ndani ya joto, glavu mbili (nyepesi ndani, nzito nje), kofia inayofunika masikio, miwani ya jua ya giza, fimbo mbili, soksi pea tatu, chupa mbili za lita moja. Julai na Agosti kuna mvua na mvua ya mawe. Mei na Oktoba usiku hufika nyuzi 10 chini ya sifuri. Betri ya simu lala nayo. Vyoo Dirapuk ni shimo au hakuna, sabuni ya maji ya mikono ni lazima.

Malazi ni vyumba vya vitanda vingi bila joto. Karibu na mwezi kamili mahujaji hufurika na vitanda hugombaniwa, tarehe nyingine zina utulivu zaidi.

Chakula: makundi ya Nepal hubeba wapishi, wali na dengu. Kwenye 4,600 maji huchemka kwenye nyuzi kama 85, kwa hiyo maharage bila sufuria ya presha hayaivi hata yakae nusu siku. Uliza kama wanayo.

#12 Dada_wa_Parklands

Na ziwani? Wazazi wengi lengo lao kubwa ni kuoga Manasarovar na kuleta maji nyumbani.

#13 Karani_wa_Vibali

Kwa miaka ya karibuni kuingia majini kumekatazwa na walinzi wapo. Kinachofanyika ni kuchota kwa ndoo na kujimwagia mbali na ukingo, baadhi ya makundi huweka hema na maji ya kupashwa moto. Hilo la moto si anasa: maji ya ziwa ni baridi kali, upepo wa mchana hautabiriki, na mzee aliyejimwagia akabaki na nguo mbichi kwenye 4,590 usiku huo hatalala. Kuoga iwe saa za jua kali, taulo na nguo kavu ziwe tayari mkononi, dakika tano imekwisha. Afadhali iwe siku ya pili ziwani, si ile ya kufika.

Msiache maua ya plastiki, sahani wala nguo ufukweni. Ziwa la jirani, Rakshastal, maji yake yana chumvichumvi na hayatumiwi kwa ibada. Msichote huko kwa kukosea, dereva huweza kusimama hapo kwa picha.

Maji ya kubeba: kidumu imara cha lita moja au mbili, usikijaze hadi juu. Ukishuka kutoka 4,590, hewa ya nje inabana plastiki laini, na kwenye ndege mambo yanageuka. Funga mfuniko kwa gundi ya utepe, weka ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na kiende kwenye begi la chini ya ndege. Mkononi hakipiti ukaguzi.

#14 Kijana_wa_Ngarenaro

Ya mwisho wakuu: vitu gani usiingie navyo kabisa?

#15 Karani_wa_Vibali

Picha au kitabu chochote cha Dalai Lama, hata ndani ya simu, na ramani au bendera ya Tibet huru. Droni na simu ya satelaiti. Kamera isielekezwe kwa askari wala kituo cha ukaguzi. Mwongozaji wa Kitibeti msimuulize siasa, akijibu yeye ndiye atakayelipa, ninyi mtapanda ndege. Noti za yuan mbebe taslimu kutoka Kathmandu au Lhasa, hasa ndogondogo, kwa sababu farasi, mpagazi, chai na bakshishi vyote Darchen ni mkononi, na kadi ya benki ya Afrika Mashariki isitegemewe hapo.

#16 Tabibu_Mstaafu

Nyongeza moja: kipima oksijeni cha kidoleni kila kundi liwe nacho, lakini kidole kiwe cha moto. Kwenye 4,600 asilimia 80 na kitu kwa mtu anayecheka na kula ni sawa; namba hiyohiyo kwa mtu anayeyumba si sawa. Mtazameni mtu kwanza, halafu kifaa.